Filamu ya Wafungwa na Jetoni ya Pili

Miye nilisoma hadi mwaka wa tatu wa primeri, halafu baba akasema ng'ombe hazijichungi zenyewe. Kwa hiyo nikiandika vibaya mutanivumilia. Lakini macho yangu ni mazima na kichwa hakisahau, na ile siku ya Mungu, Jumapili, niliyotafsiri filamu ya wafungwa mbele ya watu, nataka niiandike miye mwenyewe kabla wengine hawajaigeuza. Tayari kuna wanaosema walikuwa ndani ya sine, nyumba ya filamu, kumbe walikuwa bado kanisani.

Kwanza muelewe nilichokuwa natafuta. Sikutafuta makubwa. Nilitaka mutu moja aseme, kwa mudomo wake, mbele ya watu tuliokaa nao kambini, kwamba nilikuwa na jetoni moja. Basi.

Jetoni ni kile kikaratasi kigumu chenye namba walichotupa kule kambi ya Mugunga. Uko nacho, unapata unga, maharagi na mafuta. Hauko nacho, wewe si mutu. Tulishuka kutoka milima ya Masisi kwa miguu, miye, mama yangu muzee na watoto watatu. Bwana yangu alibaki kule, na hatashuka tena. Waliomufanya vile nawajua. Majina yao sitayaandika, maana wanayabadilisha kama shati, kila mwaka kundi jipya na herufi mpya, lakini ni walewale, na wanaowanunulia risasi ni walewale, wanakaa pembeni ya ziwa wanakula samaki tukiwapita na bidoni za maji kichwani. Nitawataja kwa kazi zao. Wenye bunduki. Wafanyabiashara waliokuwa wanangoja na magari nyuma ya kambi wanunue unga wetu tukiwa na njaa. Waandishi walioandika majina yetu kwa kreyoni ili yafutike vizuri. Na shefu wa bloki yetu.

Huyo wa mwisho ndiye wa habari hii.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu hema za bloki, kupeleka majina kwa wenye shirika na kusimamia mulongo siku ya kugawa. Alikuwa na daftari ndani ya plastiki, na kofia, na ugonjwa moja: kusahihisha watu. Ukisema mvua ilianza asubuhi, yeye anasema saa sita. Ukisema tulifika siku tatu baada ya vita, anasema nne. Nilimuona na macho yangu kwenye kilio akisimamisha muchungaji katikati ya maombi, kumuambia marehemu hakuwa na watoto saba, walikuwa nane, moja alikufa mudogo.

Basi siku moja wakaja watu wa kontrole. Wakafungua listi, wakakuta jina langu mara mbili. Jina mara mbili, jetoni mbili, chakula mara mbili kila mwezi. Miye mukononi niko na moja. Ile ya pili sijawahi kuiona hata kwa ndoto. Shefu akasimama katikati ya mulongo, akaninyoshea kidole, akasema, "Mama huyu alijiandikisha mara mbili." Wakafuta jina langu pahali pote pawili. Toka siku ile watoto wangu walikula kwa majirani, kijiko huku, kijiko kule, hadi siku kambi ilipovunjwa na kila mutu akaambiwa aende anakojua.

Wengi wa bloki yetu tulijikuta tena kartie moja, mutaa moja, hapa Goma, kwenye nyumba za mbao juu ya mawe ya volkano. Shefu naye akaja. Anauza makala ya kupikia, njia mbili kutoka kwangu. Na lile neno likanifuata: yule wa jetoni mbili. Hakuna aliyenitukana usoni, hapana. Ni vitu vidogo. Kukiwa ndoa ao kilio, wamama wanagawana kazi, na mukubwa wetu kwa kazi hizo ni mama moja muzee wa Kalengera, mwenye kuuza samaki sambaza pembeni yangu. Ananipenda, tunacheka muchana wote. Lakini siku ya ndoa ananiambia, "Wewe utaosha masufuria." Mwiko wa kugawa nyama hakunipa hata mara moja. Mutu wa jetoni mbili hashiki mwiko.

Sasa, sine.

Ni nyumba ndefu ya mbao na manjanja ya bati juu, benchi ndani, televizyo kubwa mbele na bafle mbili za sauti. Mwenyewe ni muzee aliyekuwa dereva wa lori kwenye njia ya Rutshuru. Gari lilipoisha akanunua mashine ya kuwasha kuranti ya umeme na sanduku la filamu. Filamu zote ni za lugha za watu, kwa hiyo kuna mutafsiri: mutu anakaa na mikro ya kusemea pembeni ya televizyo na kutuambia kwa Swahili nini kinasemwa. Bila yeye watu hawaingii. Filamu nzuri na mutafsiri mubaya, sine iko tupu. Filamu mubovu na mutafsiri muzuri, watu wanakaa hadi kwenye mawe ya nje.

Miye nakaanga mikate mulangoni pa ile sine. Ukuta ni wa mbao na mbao ziko na nafasi. Nikikaanga naangalia, na mutafsiri akisema uongo namujibu toka nje. "Hapana, huyo si kaka yake, angalia vile anamutazama." Watu ndani wanacheka, yeye anakasirika. Tuliishi hivyo.

Ile siku ya Mungu, saa za alasiri, watu wametoka kanisani, wamekaa, mashine inanguruma, na mutafsiri hayuko. Alienda Rutshuru kwa ndoa ya dada yake, na kumbe hakumuaga mutu. Muzee akatoka nje, kashika kiuno, akaniangalia miye nikiwa na mwiko wa mafuta mukononi.

"Mama, ingia utafsiri."

"Muzee, miye sijue lugha ya wale watu."

"Kwani yule anajua? Anaangalia midomo tu. Na filamu ya leo ni ya kambi. Ya wafungwa wa vita ya zamani, Wazungu kwa Wazungu. Kambi nani anaijua hapa kukushinda?"

Mama wa Kalengera akanisukuma mugongo. "Nenda. Mikate nitaigeuza miye. Siku zote unaongea bure, leo ongea na mikro." Halafu akaita mutoto wake mukubwa ashike sufuria, akaingia nyuma yangu, maana hakutaka kukosa.

Niliingia. Na kwenye benchi ya tatu, kofia kichwani, miguu imenyooka, nani? Shefu wa bloki.

Nilikaa. Mikro ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri.

Filamu ilikuwa ya zamani sana, hata rangi ilikuwa haijafika. Lori linaingia ndani ya kambi yenye senyenge, wanaume wanashuka na koti chafu, na mbele yao anasimama mukubwa moja na koti refu na kofia, anapiga hotuba. Midomo yake inaenda, watu wananitazama miye.

Nikasema, "Hapa wanafika. Wamechoka, wameacha kwao. Na huyu mwenye koti ni shefu wa kambi. Anasema: karibuni wageni, listi imejaa, mulale kwanza kwenye mawe, tutaona kesho."

Sine yote ikaanguka kicheko. Miye mwenyewe nilishtuka. Sikujua naweza.

"Hakusema ivyo," ikasema sauti ya benchi ya tatu.

"Papa, kumbe unajua lugha yao?" mama wa Kalengera akamuuliza.

"Sijui. Lakini hakusema ivyo."

Wakaonyesha nyumba wafungwa wanamolala. Hapo watu waliinama mbele waone vizuri. Vitanda vya mbao, vya juu na vya chini, kila mutu na chake. Kila kitanda na blanketi. Katikati kuna jiko la chuma linawaka, na mabati juu yamefungwa vizuri, hakuna pahali panapovuja.

"Kila mutu na blanketi yake," nikasema polepole.

"Na juu ya yule kuna mwingine na yake," mutu akaongeza.

"Kambi hii iko upande gani?" papa moja wa nyuma akauliza. "Banaandikisha bado?"

Wakaleta chakula kwenye mabakuli. Nikasema, "Supu. Wanapata supu kila siku, bila mulongo."

"Ile si supu," shefu akasema. "Ni chai."

"Chai na kijiko, papa?"

"Ni chai."

"Basi ni chai yenye viazi," nikasema kwenye mikro, na watu wakapiga benchi.

Lakini hapo ndipo nilipokosea, na kosa langu lilikuwa kubwa, na watu wote walinifuata ndani yake. Wanaume wanne wakakaa pembeni wanaongea chini-chini. Moja ana miwani, mwingine mufupi kama ndoo, mwingine munene, mwingine murefu mwenye shingo. Wanachora kitu kwenye kikaratasi. Wanaangalia dirishani, ng'ambo ya senyenge, na kule kuna nyumba moja kubwa na moshi. Nikajiuliza, hawa watu wanataka nini? Kitanda wako nacho. Supu wako nayo. Kwetu kambi haikuwa na senyenge wala mulango. Aliyetaka kuondoka aliondoka, hakuna aliyemushika shati. Shida ilikuwa uende wapi. Sikuweza kabisa kufikiri kambi ya kumuzuia mutu kutoka. Kwa hiyo nikasema kile kilichokuwa na maana kwangu.

"Wameona depo. Iko kule nyuma ya senyenge. Unga yote iko kule, na mafuta. Wanasema, hawatugawii sawa, basi tuchimbe chini ya senyenge hadi ndani ya depo."

"Eeeh," sine yote ikajibu. Walielewa. Hakuna aliyeuliza swali, hata moja. Shefu peke yake ndiye aliyesema depo haijengwi mbali namna ile na hema, inasumbua kubeba, na kwa hilo alisema kweli.

Wakaanza kuchimba. Waling'oa mbao chini ya pahali pa kunawia, na moja akaingia na kijiko na kifuniko cha mukebe. Kijiko. Sine ikakataa.

"Hapana, hapo mutafsiri anatudanganya," papa wa nyuma akasema.

"Si miye, angalia mwenyewe."

"Na kijiko?"

Lazima mutu ajue Mugunga ili aelewe. Kule chini ni mawe ya volkano, yaliungana kama chuma. Choo cha bloki yetu kilichimbwa na wanaume sita na nondo, juma mbili, na kilifika kwenye magoti. Sasa huyu Muzungu anaingia ndani ya ardhi kama anakata bugali. Udongo unaanguka wenyewe, mweusi, laini, hauna hata jiwe. Wakaujaza ndani ya mifuko ya mito ya kulalia, wakatoka nao, wakaenda kuumwaga chini ya makabichi, na mwingine wakaumwaga tu ovyo, nyuma ya choo.

Hapo wakulima waliumia. Nilisikia mutu wa Masisi ananguruma kabisa kama mugonjwa. Hapa muji tunanunua udongo kwa gunia, unaletwa kwenye chukudu ya mbao ya kusukuma, unaumwaga ndani ya bidoni iliyokatwa ili upande vitunguu vitatu. Na hawa wanautupa.

"Ile wanamwaga wapi? Ile wanamwaga wapi tena?" mama wa Kalengera akasimama. "Udongo kama ule nikipata gunia mbili tu, mutakula mboga ya lengalenga hadi munikimbie."

"Kaa, mama, wengine hatuone."

"Nikae vipi, wanatupa shamba zima."

Nikasema kwenye mikro kwamba yule mwenye miwani anajuta, anasema akitoka atarudi kuuchukua. Wakatulia.

Halafu ikafika asubuhi ya kuhesabu.

Wafungwa wote wanapangwa kwenye kiwanja, milongo mirefu, na askari moja na daftari anapita anahesabu na kidole. Niliona lile daftari. Sikutazama benchi ya tatu. Nilitazama televizyo tu.

Ndani ya tundu kulikuwa na mutu moja bado anachimba, hakuweza kutoka kwa wakati. Kwa hiyo pale juu mutu moja anakosekana. Askari anahesabu toka huku. Yule mufupi kama ndoo anahesabiwa. Askari akishamupita, yule mufupi anainama, anapita nyuma ya migongo ya warefu, anakimbia kama panya hadi mwisho wa mulongo, anasimama pale, anavuta pumzi, anaweka uso wa mutu mupya. Askari anafika, anamuhesabu tena. Anaandika. Imetimia.

Watu walicheka hadi benchi moja ikaanguka na waliokaa juu yake.

Miye sikucheka. Niliona kitu. Miaka mingi nilikuwa nimekitafuta gizani, kumbe ni kitu kidogo namna ile.

"Muzee, simamisha," nikasema. "Rudisha kidogo."

Muzee akarudisha. Yule mufupi akakimbia tena nyuma ya migongo.

"Simamisha hapo hapo." Na picha ikasimama, yule mufupi ameinama, askari na daftari yake. "Wenzangu, mumeona? Mutu ni moja, namba ni mbili. Sasa muniambie. Siku ya kugawa unga, yule mufupi atachukua mara ngapi?"

"Mara moja," mutu akasema. "Iko na mikono miwili tu."

"Na chakula cha ile namba ya pili kitaenda wapi?"

Watu wakaangalia tena daftari ya askari.

"Kitaenda kwa mwenye daftari," nikasema. "Yule mufupi hajui kitu. Siku ya kontrole watakuta jina lake mara mbili, na mwenye daftari atanyosha kidole: huyu hapa alijiandikisha mara mbili. Na yule mufupi atafutwa, na watoto wake watakula kijiko huku kijiko kule. Na mwenye daftari alikula unga ile, na maharagi, na mafuta, na leo amekaa kwenye benchi na kofia yake."

Sikutaja jina. Sikumutazama. Nawaapia sikumutazama.

"Mafuta hapana," ikasema sauti ya benchi ya tatu. "Mafuta sikukula ata siku moja. Ilikuwa unga na maharagi."

Alisema hivyo na hasira, kama mutu anayesingiziwa. Kusahihisha kulikuwa ndani ya damu yake, kulitoka kabla yeye hajajua. Baada ya hapo ndipo masikio yake yalisikia mudomo wake. Nilimuona anafunga midomo, pole, kama mutu anafunga mulango wa nyumba inayoungua.

Hakuna aliyecheka mara ile. Vichwa vyote viligeuka, kimoja kimoja. Mama wa Kalengera ndiye alisimama. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile sauti ya kuulizia bei.

"Papa. Simama basi, useme vizuri. Unga ya nani?"

Alivua kofia. Akasimama. "Ya jetoni ya pili."

"Jetoni ya pili ilikuwa mukononi mwa nani?"

"Kwangu."

"Na mama huyu alikuwa na ngapi?"

Alinitazama. Sijui aliona nini. Miye niliona mutu anayeuza makala, kucha nyeusi, shati imepasuka kwenye bega.

"Moja," akasema. "Alikuwa na moja."

Basi, wakacheka. Lakini si kicheko cha kumuzomea tu, kilikuwa kicheko cha kila kitu pamoja, cha mafuta, cha yule Muzungu mufupi aliyesimama ameinama kwenye televizyo wakati wote huo, cha miaka yote. Mama wa Kalengera alikaa, akafunika uso na kitenge, mabega yanatikisika, na sijui kama alikuwa anacheka ao analia. Papa wa nyuma akasema, "Unga na maharagi, bila mafuta. Kumbe alikula kavu," na ikaanza upya.

Muzee, na yeye, kwa kucheka, alisahau na akagusa mashine ya filamu, filamu ikaendelea. Ilienda, ikaenda, na miye nimeshika mikro, macho bado kwenye benchi ya tatu. Wafungwa wanapita mule chini moja nyuma ya mwingine, taa mukononi.

"Mama mutafsiri," mutu akaita. "Sema basi. Banatoka."

"Rudisha, muzee," nikasema. "Sikuona."

"Hata siye hatukuona," wakajibu. Akarudisha.

Muzee wa sine akaniuliza kama amufukuze shefu. Nikasema hapana, amelipa, akae, filamu haijaisha. Ukweli ni kwamba nilitaka aone hadi mwisho vile natafsiri.

Sasa wa kwanza akatoa kichwa nje ya tundu, yule mwenye miwani. Na pale nje hakuna depo. Kuna pori na giza na miti. Ile nyumba ya moshi iko mbali kabisa, upande mwingine.

"Depo iko wapi?" watu wakaniuliza wote pamoja.

Niliangalia. Yule mwenye miwani amelala juu ya majani, ananusa. Hatafuti gunia. Anaangalia mbele tu, mbali. Uso ule nilikuwa naujua, niliuona kwa mama yangu muzee kila asubuhi Mugunga, akiketi mbele ya hema ameelekea milima.

"Hakuna depo," nikasema. "Nilikosea miye. Munisamehe. Hawakuwa wanatafuta unga. Wanaenda kwabo."

Nilifikiri watakasirika, nimewadanganya saa nzima. Kumbe mutu moja, sikujua nani, akasema, "Yule mwenye miwani ni wa Masisi. Angalia vile anatembea."

"Ni wa Masisi," nikasema kwenye mikro. "Anaenda Masisi. Ng'ombe zinamungoja."

Wa pili akatoka. "Huyo wa Sake," wakaita. "Rutshuru," wakaita wengine. Kila kichwa kilichotoka ndani ya tundu kilipewa kijiji. Walikuwa wanasimama, wanapiga makofi, kama siku ya ndoa wakati jamaa zinaitwa zije mbele.

Akatoka yule munene. "Kalengera," papa wa nyuma akasema.

"Hapana," mama wa Kalengera akakataa. "Kwetu hatuna munene namna ile. Nipeni yule murefu mwenye shingo, huyo ni kama mujomba wangu."

"Yule ameshachukuliwa, ni wa Masisi."

"Masisi muko na ngapi tayari? Mutu atahesabiwa mara mbili tena hapa?"

Tukamupa murefu. Munene akaenda Sake.

Wa mwisho alikuwa yule mufupi. Alikwama. Kichwa na mukono moja nje, mengine ndani. Nikauliza, "Na huyu? Wa wapi huyu?" Watu walikuwa wamemaliza vijiji vyao. Kila mutu alikuwa na wake.

"Huyo wa kwetu," akasema shefu. Sauti ndogo, bila kofia.

Hakuna aliyemukatalia. Yule mufupi akajivuta, akatoka, akakimbia.

Filamu haikuisha vizuri, siwezi kuficha. Wachache ndio walifika. Wengine walishikwa, mbwa wanawafuata, na lori likawarudisha mule mule. Sine iliingia huzuni. Niliwaza niseme uongo, niseme ni lori la kuwapeleka kanisani. Nikashindwa. Nikasema, "Wamerudishwa."

"Basi watatoka tena," mama wa Kalengera akasema, akikunja kitenge chake. "Miye nilirudi Mugunga mara tatu. Niko wapi leo? Niko hapa naangalia filamu."

Tulitoka jua likiwa bado juu. Mikate yangu yote ilikuwa imeungua upande moja na imeuzwa hivyo hivyo. Juma lile kulikuwa na ndoa kartie, na mama wa Kalengera alinipa mwiko, bila neno, kama alikuwa ananipa kila mara. Niligawa nyama hadi mukono ukauma.

Munaniuliza kama nilimusamehe shefu. Hapana. Watoto wangu walilala njaa, na njaa ile aliyeipika ni yeye, nimesema na nitasema. Lakini ile siku mulangoni alinifuata, akauliza, "Mama, tumemaliza?"

Nikamuambia, "Bado. Bloki ya pili na ya tatu hawakuwa ndani. Muzee anarudisha filamu siku ya Mungu inayokuja. Utakuja."

Akaja. Muzee alisimamisha picha pale pale, yule mufupi ameinama, shefu akavua kofia, akasimama, akasema: unga na maharagi, kwangu, yeye alikuwa na moja. Watu wakacheka tena. Siku ya Mungu ya tatu sine ilijaa hadi nje, wengine wametoka Mugunga, kule kambi ilipokuwa, kwa miguu, na yule mutafsiri wa zamani alirudi toka Rutshuru akakuta mikro haiko yake tena. Shefu akaja na shati safi. Alikuwa ameanza kusema vizuri, anangoja kwanza wanyamaze, anaacha neno la mafuta mwisho.

Ya nne nilikuwa na mafua, kichwa kizito, nikapita ile asubuhi ya kuhesabu bila kuomba picha isimame. Yule mufupi akakimbia, akahesabiwa, tukaendelea kwenye tundu. Nikasikia mutu anakohoa benchi ya tatu. Akakohoa tena. Halafu akasimama, kofia mukononi.

"Mama," akasema, "umepita pahali pangu."